Kitabu Kina Ulimi, Hakina Jicho

Kijana anayejifunza karate kwa kusoma kitabu huchekwa na watu wa pande mbili. Huchekwa na jirani zake, ambao humwona uani amekunja ngumi, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, macho yakienda na kurudi baina ya hewa anayoipiga na ukurasa uliowekewa jiwe usifunuliwe na upepo. Na huchekwa zaidi na wale waliokwisha kupata mikanda katika kumbi za mazoezi za miji yetu, ambao huona kwamba mtu asiyepata kuinama mbele ya sensei, yaani mwalimu, na kupangwa safu pamoja na wenziwe hana haki hata ya kulitaja jina la sanaa hiyo. Kicheko cha kwanza hakina haja ya jawabu, kwa kuwa jirani hulicheka kila jambo geni mpaka alizoee. Cha pili kina hoja ndani yake, na hoja hiyo imechanganya haki na ghururi. Nami nakusudia kuzitenga mbili hizo, kwa sababu naona wanaokikashifu kitabu wanakitwisha lawama isiyo yake, ilhali ila yake ya kweli hawaigusi.

Mwenye mkanda mweusi aghalabu husahau kwamba karate anayoijua yeye ilitoka kisiwani kwake ikiwa imefuatana na kitabu. Mwaka 1922 mwalimu wa shule aitwaye Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri katika Okinawa mwaka 1868, na ambaye kwa hiyo alikuwa amekwisha kuupita umri wa miaka 50, alikwenda Tokyo kuionyesha sanaa ya kwao katika maonyesho ya elimu ya viungo yaliyosimamiwa na Wizara ya Elimu ya Japani. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, akamwalika aionyeshe tena katika Kodokan, nyumba ya judo yenyewe. Na kabla ya mwaka huo kwisha, kitabu chake cha kwanza, "Ryukyu Kempo: Karate", kilikuwa kimekwisha kutoka kiwandani. Picha zake zilikuwa za kuchorwa kwa mkono. Tetemeko la ardhi lililoiangamiza Tokyo na Yokohama tarehe 1 Septemba 1923 likaviteketeza vibao vya uchapaji vya kitabu hicho, na mwandishi, badala ya kulalama, akaifanya kazi upya, ikatoka mwaka 1925 kwa jina la "Rentan Goshin Karate Jutsu", safari hii ikiwa na picha zilizopigwa kwa kamera, naye mwenyewe ndiye anayezionyesha ngumi na kinga hizo. Miaka kumi baadaye, 1935, akatoa "Karate-do Kyohan", ambacho hata leo wengi hukihesabu kuwa ndicho msingi wa vitabu vyote vya mtindo wa Shotokan. Wala hakuwa bingwa pekee aliyeandika. Choki Motobu, aliyekuwa na sifa ya kupenda ugomvi kuliko wino, alichapisha chake mwaka 1926. Na Kenwa Mabuni, katika kitabu chake cha mwaka 1934, aliingiza sehemu za Bubishi, hati ya Kichina ambayo mabingwa wa Okinawa walikuwa wakiinakili kwa mkono kwa siri, yenye dawa za majeraha, mahali pa hatari katika mwili wa mwanadamu, na namna za kushika na kupiga. Basi hata wakati karate ilipokuwa siri, karatasi ilikuwamo ndani ya siri hiyo.

Vitabu hivyo vilizaa vingine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari wa Kimarekani walipojaa Okinawa na Japani, hamu ya kuijua karate ilivuka bahari, na mabingwa wakaanza kuandika kwa Kiingereza. Masutatsu Oyama alitoa "What is Karate?" mwaka 1958, Hidetaka Nishiyama, akisaidiana na Mmarekani Richard C. Brown, akatoa "Karate: The Art of Empty Hand Fighting" mwaka 1960, na Masatoshi Nakayama, mwanafunzi wa Funakoshi, akatoa "Dynamic Karate" mwaka 1966, kisha, kuanzia 1977, mfululizo wa juzuu 11 za "Best Karate". Watu wa umri wangu wataikumbuka hali ya miji yetu filamu za Bruce Lee zilipofika katika majumba ya sinema, jinsi vijana walivyotoka gizani wakiwa hawawezi tena kutembea kama watu wa kawaida. Bruce Lee hakucheza karate. Sanaa yake ilikuwa ya Kichina, na mwishowe ilikuwa ya kwake mwenyewe. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyeijali tofauti hiyo? Vitabu vya Wajapani vilitafutwa kwa wauza vitabu vikuukuu, vikaazimwa, vikakaa nyumba za watu bila kurudishwa, vikatolewa nakala, na nakala zikatolewa nakala, hata nyuso za mabingwa pichani zikageuka kuwa madoa meusi yenye ngumi.

Sasa, ikiwa mabwana hao wote waliandika, je, wao wenyewe walijifunza vipi? Funakoshi amelisimulia jambo hili katika kumbukumbu za maisha yake, na mimi naliona kuwa ndilo kiini cha suala zima. Alikuwa akienda usiku nyumbani kwa Anko Azato, baba wa mwanafunzi mwenziwe, katika zama ambazo sanaa hiyo haikufundishwa mchana mbele za watu. Na hapo uani alirudia kata moja, yaani mfululizo uliopangwa wa kinga na mapigo, ileile na ileile, usiku kwa usiku na wiki kwa wiki, pengine miezi, asipewe ruhusa ya kusogea kwenye nyingine, huku mwalimu wake ameketi barazani akimtazama. Kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua miaka 10. Na maneno ya Azato yalikuwa haba kupita kiasi: mara amwambie arudie, mara amwambie bado kidogo, na mwisho, baada ya jasho jingi na nafsi kunyongeka, neno moja la kuridhia. Hakumfafanulia. Hakumwambia goti likunjwe kiasi gani wala nyonga igeuke lini. Alimtazama tu, na kutazama kwake ndiko kulikokuwa kufundisha.

Hapo ndipo tofauti ya mwalimu na kitabu inapodhihiri, nayo ni kinyume cha inavyodhaniwa. Watu husema kwamba kitabu hakielezi vya kutosha na mwalimu hueleza zaidi. Si kweli. Kitabu hueleza kuliko mwalimu yeyote wa zamani wa Okinawa alivyopata kueleza. Hueleza sababu, hueleza viungo, hueleza hesabu, na ukikirejea saa nane za usiku hueleza tena bila kuchoka. Kitabu kina ulimi mrefu. Kisichokuwa nacho ni jicho.

Wanavyuoni wetu wa pwani walilifahamu jambo hili tangu zamani, ingawa wao hawakuwa wakishughulika na ngumi. Walirithi kwa Waarabu usemi kwamba ambaye shekhe wake ni kitabu chake, makosa yake huzidi usawa wake. Na hakuna elimu inayouthibitisha usemi huo kuliko tajwidi, elimu ya kuisoma Qurani kwa matamshi yaliyo sawa. Mtu aweza kukihifadhi kitabu kizima cha makharija ya herufi, akajua bila ya shaka kwamba ain hutoka katikati ya koo na kwamba qaf hutoka mwisho wa ulimi ulio karibu na koo, na asiweze kuitamka hata moja katika hizo, mpaka aketi goti kwa goti na mwalimu, asome, akatishwe, asome tena, akatishwe tena, mara nyingine kwa kuashiriwa kidole tu. Na msiba wake hauko katika kukosea, maana kila mwanafunzi hukosea. Msiba ni kwamba yeye mwenyewe hujisikia kuwa amesoma sawa. Walakini wanavyuoni hao hao waliotahadharisha juu ya shekhe wa karatasi ndio walioviandika vitabu vya tajwidi, wakavitungia sharhi, wakavisomesha darasani mpaka majalada yakalegea. Hawakuona mgongano wowote, kwa sababu ulimi walimwachia kitabu na sikio walimwachia mwalimu, wala hawakumtaka mmoja afanye kazi ya mwenziwe. Insafu ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta katika maneno ya wenye mikanda, nami siioni.

Maana kazi ya kitabu katika karate si ndogo. Chukua ukurasa wa mwanzo kabisa, ule wa kukunja ngumi: vidole vinne vikunjwe kuanzia nchani, vizame kiganjani, kidole gumba kilale kwa nje juu ya viwili vya mwanzo, na pigo litue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kiganja na mkono vikiwa vimenyooka mstari mmoja. Haya mtu anaweza kuyasoma jioni moja na kuyafanya sawasawa jioni hiyo hiyo, na yatamwepusha na kuvunjika kidole gumba, balaa linalowapata wanaokificha ndani ya ngumi. Chukua msimamo wa mbele, ambao watu wa Shotokan huuita zenkutsu-dachi: kitabu kitakwambia kwamba goti la mbele likunjwe mpaka likae juu ya wayo, mguu wa nyuma unyooke, na uzito wa mwili ugawanyike asilimia 60 mbele na 40 nyuma, na katika msimamo wa nyuma, kokutsu-dachi, asilimia 70 ikalie mguu wa nyuma na 30 ibakie kwa ule wa mbele. Azato asingekupa hesabu hizo. Angekuacha usimame vibaya mwezi mzima mpaka miguu yako yenyewe iivumbue hesabu, na hiyo ni njia tukufu kwa mwenye Azato jirani na mwenye mwezi wa kupoteza.

Au chukua Heian Shodan, kata ya kwanza ya mtindo huo, yenye hatua 21, ambayo huanza kwa kugeuka kushoto na kukinga chini, ikapita juu ya mistari yenye umbo la herufi I, na kumrejesha mchezaji mahali pale pale alipoanzia. Kata hii na dada zake wanne asili yake ni zile za Pinan, alizozitunga bingwa Anko Itosu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa. Na Itosu ndiye aliyeandika, mwaka 1908, waraka wa nasaha kumi akitetea karate ifundishwe mashuleni. Tangu siku ambayo sanaa ya siri iligeuzwa kuwa somo la darasani, kitabu kilikuwa njiani kuja, kwa kuwa somo la darasani halikawii kutaka kitabu chake. Na katika kata hii kitabu hukaribia mno kuwa na jicho: msomaji akimaliza hatua zote na kujikuta amesimama kando ya alama aliyoichora chini, hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba hatua zake hazikulingana.

Hukaribia, lakini hakifiki. Fungua ukurasa wa ngumi ya kusonga mbele, oi-zuki. Picha ya kwanza inamwonyesha mtu amejiweka tayari; ya pili amekwisha kupiga. Baina ya picha mbili hizo ndimo ilimo karate yenyewe: wayo wa nyuma unaopita karibu na mwenziwe kabla ya kutoka mbele, kichwa kinachokwenda sawa bila ya kupanda wala kushuka, bega linalobaki chini, mkono mwingine unaorudi nyongani kwa nguvu ile ile inayotoka nayo ngumi, nyonga isiyogeuka mapema, pumzi, na mwili mzima unaokazika kwa kitambo kidogo ngumi inapofika kisha ukalegea. Kitabu kizuri huyaeleza hayo yote kwa maneno. Msomaji huyaamini, huyakariri, na huyavunja yote kwa mpigo mmoja, asijue. Kichwa chake hupanda kila hatua, naye angekula kiapo kuwa hakikupanda.

Tena liko suala la kushoto na kulia, ambalo waandishi hulipita haraka na wasomaji huliangukia. Bingwa pichani amekuelekea. Mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto. Mwandishi mwangalifu huongeza picha iliyopigwa kwa nyuma, mwandishi mvivu haiongezi, na wako watu waliojifunza kata nzima kinyume, wakaicheza kwa ustadi, na wangaliweza kuicheza hivyo mpaka uzeeni.

Madhara ya mwili nayo yapo, wala si ya kudharauliwa. Anayepiga hewa kwa kuunyoosha mkono mpaka mwisho wake kila mara huudhuru mfupa wa kiwiko. Anayeliacha goti lianguke ndani hulichosha kabla ya wakati wake. Anayepiga teke la mbele bila kuvirudisha nyuma vidole vya mguu huvivunja siku ya kwanza atakapokutana na kitu kigumu. Na vitabu vyenyewe vina fitina yao. Oyama, mtu mwenye nguvu za ajabu na mpenda kuonekana, alivijaza vitabu vyake picha za mbao, vigae na mawe yanayopasuka chini ya mkono mtupu, pamoja na habari za kupambana kwake na mafahali. Na kijana huzipita kurasa 50 za misimamo kwa haraka ili aifikie ile picha ya jiwe. Sijui dawa ya jambo hilo, isipokuwa kuwaomba wachapishaji wa ulimwengu waiweke picha ya jiwe mwisho kabisa wa kitabu, nao hawataniitikia, kwa kuwa ndiyo picha inayouza.

Kuna kurasa za namna moja ambazo ningeziondoa kabisa, nazo ni za kujihami dhidi ya kisu. Adui wa kitabuni ni mtu mwenye adabu kubwa. Huunyanyua mkono wake wa kulia polepole, huuacha angani, husubiri akingwe, husubiri ashikwe, na katika picha ya nne hulala chini bila kinyongo. Mwenye kisu wa mtaani hana subira hiyo, na kijana aliyehitimu kwa kurasa hizo anatoka nyumbani akiwa na hatari zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya kujua kusoma, kwa sababu zamani alikuwa na akili ya kukimbia.

Nitaambiwa kwamba haya yote ni mambo ya kale, kwamba leo kijana ana simu, na simuni mwake wamo mabingwa wa Okinawa na Tokyo wakicheza kata kwa kasi ya kweli na kwa kasi ya polepole, mbele na nyuma. Kweli, video imeziba ufa uliokuwa baina ya picha ya kwanza na ya pili, na mimi ni wa kwanza kuishukuru. Lakini yule bingwa wa simuni naye huonekana tu, haoni. Akikuangalia usoni anaangalia kamera iliyozimwa zamani. Afadhali kijana aigeuze simu, ajirekodi mwenyewe, kisha akae ajilinganishe na kitabu; hapo atajiona kichwa kikipanda, atastaajabu, na pengine atatubu. Hata hivyo jicho analojitazamia ni jicho lile lile la mwanafunzi, ambalo halijajua la kulitafuta, na ambalo hupenda kumsamehe mwenyewe.

Basi nasema nini? Nasema kwamba kijana asiyekuwa na sensei karibu naye, awe wa Lindi au wa Kasulu, asikiache kitabu chake. Lakini asikisome peke yake. Ila ya kujifunza kwa kitabu iko katika upweke, karatasi haina kosa. Wakiwapo wawili, hata kama wote ni wajinga sawa, mambo hubadilika kwa namna ambayo wenye kudhihaki hawakupata kuifikiri: mmoja hucheza, mwingine hushika kitabu mkononi na kumtazama mwenziwe akimlinganisha na ukurasa, na mjinga mwenye kitabu mkononi ni msahihishaji mzuri kuliko anavyodhaniwa. Hajui kupiga oi-zuki, lakini anaona kwamba bega limepanda. Hajui nyonga hugeuka vipi, lakini anaona kwamba pichani kisigino kiko chini na hapa kiko juu. Baadaye hubadilishana, na yule aliyekosolewa huwa mkali zaidi katika kukosoa, jambo ambalo ni la kibinadamu na lina faida.

Fauka ya hayo, mtu wa pili huleta masafa, na masafa hayaandikiki. Vitabu vingi vikubwa vina zoezi la hatua tano, gohon kumite, ambalo mmoja huenda mbele kwa hatua tano akipiga ngumi ya usoni kila hatua, na mwingine hurudi nyuma akikinga, mpaka ya tano ajibu. Peke yako zoezi hili ni ngoma isiyo na maana. Ukiwa na mwenzio, ngumi ya kwanza tu inayokuja usoni, hata ikisimamishwa shubiri nzima kabla ya kufika, kama inavyopasa kwa wanaoanza, hukufundisha kwamba kinga uliyoidhani ni ya haraka hufika baada ya ajali. Na hukufundisha hofu, na namna ya kusimama nayo bila kufumba macho. Hayo hayamo katika juzuu zote 11 za Nakayama, naye Nakayama angekuwa wa kwanza kukubali.

Tena hii si bidaa yangu. Chuo Kikuu cha Keio huko Tokyo kilianzisha klabu ya karate mwaka 1924, mwaka ule ule Funakoshi alipotoa mikanda myeusi ya kwanza, na vyuo vingine vikafuata. Na mzee mmoja asingeweza kuwapo kila ukumbi kila jioni. Wanafunzi waliotangulia waliwasimamia wapya, wakasahihishana, na yamkini kitabu cha mzee kilikuwa kati yao kwa kutatua ubishi. Sehemu kubwa ya karate iliyosambaa duniani imetoka katika klabu hizo za vijana. Anayekiona kitabu kuwa ni haramu aitazame nasaba yake mwenyewe kwa hadhari.

Kwa masensei wetu nina neno, na nalisema kwa taadhima, maana najua wengi wao wanafundisha katika kumbi za kuazima na kwa ada isiyolipwa kwa wakati. Anapokuja kwenu kijana aliyejifundisha kwa kitabu, msimwambie mbele ya wenziwe asahau yote aliyoyasoma. Ni kweli kwamba mazoea mabaya ni magumu kuyang'oa kuliko kupanda mapya, na kwamba mtu huyu atawachosha kuliko asiyejua kitu. Hilo nalikubali bila ubishi. Lakini yeye amekuja akiwa na jambo ambalo aliyeletwa na baba yake kwa kushikwa mkono hana, nalo ni ghera iliyodumu bila kusifiwa na mtu yeyote. Mpeni jicho tu, maana hilo ndilo pekee alilokuja kulitafuta. Na mkanda asipewe kwa sababu amesoma, wala asinyimwe kwa sababu hiyo.

Limebaki suala la lugha. Vitabu vya karate vinavyowafikia vijana wetu aghalabu ni vya Kiingereza, navyo husomwa na watu ambao Kiingereza chao kinatosha mtihani lakini hakitoshi kujua neno la kifundo, la ukano, la wayo au la unyayo. Ndiyo sababu huziangalia picha na kuyaruka maelezo, yaani huiacha ile faida moja iliyo kubwa ya kitabu, ulimi wake. Ningependa kuona kitabu cha karate kwa Kiswahili kilichoandikwa na mtu aliyefundisha kwa Kiswahili, ambaye amekwisha kusema mara nyingi "shusha nyonga", "bega chini", "usikivute kisigino", na anajua ni neno gani huingia mwilini mwa mwanafunzi na ni lipi hupita juu yake. Picha zake ziwe za mbele, za ubavuni na za nyuma. Karibu na kila picha ya usahihi iwekwe ya kosa, na si kosa la kubuni, bali lile ambalo mwanafunzi hulifanya kweli wiki ya kwanza, ili anayeshika kitabu ajue la kulitafuta kwa mwenziwe. Kurasa za kisu ziachwe. Majina ya Kijapani yabaki kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo yanayotumika kumbini kuanzia Naha ya Okinawa hadi Mombasa, lakini maelezo yawe yetu. Na lau ningekuwa mimi mchapishaji wake, ningempunguzia bei kila mnunuzi aliyeingia dukani akiwa amefuatana na mwenziwe.